Zimwi Limekaa

"Anza!" mkurugenzi akapiga kelele, kamera zikaanza.

Zimwi ni mimi. Nimevaa vazi la mpira, zito kama gunia la mchele, nachungulia kwa vitundu vitatu shingoni. Mbele yangu kuna Tokyo nzima ya vijumba vya mfano, inanifika kiunoni. Fundi wetu Isogai aliijenga kwa siku arobaini, na tunaibomoa mara moja tu, hakuna kurudia.

Ndipo nikaona chakula chake cha mchana, amekisahau juu ya paa la duka kubwa. Wali kwenye kisanduku, na tunda la plamu, jekundu, katikati, kubwa kuliko basi lililopita chini yake.

Kamera ikikinasa, Isogai hana kazi. Na mimi humu ndani hata nikipiga mayowe sisikiki.

Nikauacha mnara niliopangiwa kuubomoa. Nikarudi kinyumenyume, nikalikalia duka zima.

"We punguani!" mkurugenzi akafoka. "Nani kakwambia zimwi linakaa?"

"Limechoka, mzee!" Isogai akadakia. "Si limetembea kutoka baharini?"

Nikasikia plamu ikipasuka chini ya mkia.

"Haya, limepumzika," mkurugenzi akasema. "Inuka, kabomoe mnara."

Nikatikisa kile kichwa changu kikubwa cha mpira. Siinuki.