Sala za Baba Dativa

Yosefina alisimama mlangoni mwa kanisa, fagio mkononi, akaziba njia.

"Baba Dativa, leo husali hapa."

"Mama Fidel, kwani kanisa ni lako?"

"Si langu. Lakini leo mtoto anacheza, na sala zako tunazijua. Nenda shamba ukaamie ndege. Tutamwombea sisi."

Agapiti alibaki juani, kofia mkononi. Mzee wa watu hakuwa na ugomvi na mtu, lakini hapo Idete kijiji kizima kilikuwa kimeshamhukumu.

Na kweli, mambo yenyewe yalikuwa ya ajabu. Dativa, binti yake wa pekee, alikuwa akichezea timu ya taifa ya kriketi tangu ana miaka kumi na saba. Mkono aliupatia kwenye mpunga wa baba yake, akiwarushia kwelea madongo kutwa nzima. Mwalimu mmoja wa Ifakara akamwona, akampa gongo la kupigia mpira ajaribu, basi, mtoto akachukuliwa. Siku akiamka vizuri, hakuna wa kumtoa uwanjani. Siku nyingine anatolewa kwa mpira wa kwanza kabisa, sifuri, anarudi kukaa benchi ameinamisha uso. Makocha walichoka kujiuliza.

Idete hawakujiuliza. Mechi ya Kigali, Agapiti alisali: sifuri. Windhoek, alisali: mikimbio miwili, na mikimbio ndiyo magoli ya mchezo ule. Mwaka wa mafuriko, maji yalipokata njia ya kanisani asiweze kupita, Dativa akapiga mikimbio themanini na tatu. Mzee alipolazwa kwa malaria, sitini na tano.

"Huyu mzee ana gundu," walitaniana. Baadaye wakaacha kutania.

Lakini hakuna aliyemwona mtu mbaya. Baba gani angempokea mtoto vile? Kila Dativa alipoachwa kwenye timu alirudi na basi la jioni, macho yamevimba, akakuta kuku ameshachinjwa na kitanda kimetandikwa shuka safi. Hakuulizwa kitu. Kesho yake walikuwa shambani, yeye kwenye dungu la huku, baba kwenye dungu la kule, wakifukuza ndege na kuitana mpaka jua linazama. Wiki mbili, tatu, timu ikamwita tena, akaondoka.

Na akiondoka, jamani, upweke usikie kwa mwenzio. Eveline, mke wa Agapiti, alifariki Dativa akiwa darasa la tatu, na mzee hakuoa tena. Kwa mazoea alipika wali wa watu wawili, akala nusu, nusu akawamwagia kuku. Jioni aliisalimia redio. Kuna Ijumaa moja alimwita mpita njia akasikia sauti yake imekauka, ndipo akakumbuka hajasema na mtu tangu Jumapili.

Asubuhi ile Dativa alikuwa amempigia simu kutoka Dar es Salaam.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Baba, leo ndiyo leo. Kuna watu wametoka Afrika Kusini, wanatafuta wachezaji wa klabu yao. Nikipiga vizuri nakwenda miaka miwili. Nikitolewa mapema, kocha kasema nirudi nyumbani moja kwa moja, hataniita tena."

Agapiti alihamishia simu sikio la pili.

"Naitaka hii, baba. Sijawahi kutaka kitu hivi." Kisha akacheka kidogo. "Mama Fidel kanitumia ujumbe nikukataze kusali."

"Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi? Niombee tu. Nina nani mwingine wa kuniombea?"

Ndiyo maana pale mlangoni hakuondoka, fagio liwepo lisiwepo.

"Mama Fidel," alisema, "mtoto mwenyewe kaniambia nimwombee. Unataka nimwambie nini akiuliza?"

Yosefina alimtazama. Mzee alikuwa amepiga pasi lile shati lake la Pasaka, na kola imegeuka upande mmoja kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kumwambia. Alimrekebishia kola, akasogea pembeni.

"Haya, ingia. Ila safari hii sali kwa nguvu, baba, maana zile za nyuma hazikufika."

Kanisa lilikuwa tupu. Agapiti alikwenda mpaka mbele, kwenye sanamu ya Bikira, akawasha mshumaa, njiti ya tatu ndiyo ikashika. Alipiga magoti. Nje fagio likaanza tena. Alilia kwanza, kidogo tu, akajifuta kwa kofia.

"Mama Maria," alinong'ona, "hujawahi kuninyima. Na leo pia, atolewe kwa mpira wa kwanza."