Jiwe Ndani ya Ndoo

Mtaalamu wa miamba alitumbukiza kipande cha jiwe la kilima kwenye ndoo ya maji, akatazama saa yake. Hata dakika tano hazikupita, kipande kikameguka na kuwa tope jekundu.

"Hiki ni cha sita, mama," alisema. "Mchanga wake umeshikana kwa udongo tu. Nyumba ya jiwe hili itabomoka kwa mvua moja. Hapa hapafai machimbo ya mawe."

Nyuma ya Namsifu, chini ya turubai, mifupa ya wazee wanne wa ukoo ilikuwa imefungwa kwa shuka nyeupe. Yeye ndiye aliyewashawishi ndugu zake waifukue wiki iliyopita, ili mtaalamu akute kilima kiko wazi kwa kuchimbwa. Aliwaambia wafu wataelewa, wenye njaa ni walio hai.

"Ungesubiri kwanza nipime."

"Ningesubiri, watoto wangekula nini?"

Aliinuka, akaenda kwenye turubai, akarudi amekumbatia jiwe dogo la kaburi la babu yake. Babu mwenyewe alilichonga kutoka kilima hiki hiki, na masika arobaini hayajafuta hata herufi moja.

"Alilichimba upande gani?" mtaalamu aliuliza.

"Aliyejua ni yeye."

"Maji hayajui heshima, mama. Likimeguka je?"

"Sogeza ndoo."

Namsifu alipiga magoti, akalizamisha jiwe kwa mikono miwili, jina likiangalia juu. Mapovu yakaanza kupanda kutoka kwenye herufi, moja baada ya jingine. Mtaalamu akasahau kutazama saa.