Jina la Mtego

Jina la mtego lilikuwa ukurasa wa themanini na nne, katikati ya orodha ya waliorudi kutoka uhamishoni Babeli, mahali ambapo msomaji wa kawaida huanza kusinzia. Mwalimu mstaafu alilionyesha kwa kidole, kisha akamsogezea mwenyekiti wa kamati ya uchapaji kijitabu chake.

"Tirzameli," alisema. "'Aliyependeza machoni pa Mungu.' Sasa fungua cha mwenzangu."

Mwenyekiti alifungua kijitabu kipya cha mwinjilisti. Tirzameli. Aliyependeza machoni pa Mungu. Neno kwa neno.

"Jina hilo halimo katika Biblia yoyote. Nililitunga mwenyewe miaka thelathini iliyopita. Watunga kamusi tuna desturi hiyo: unatega jina moja la uongo, na atakayekunakili atalibeba pamoja na mzigo mzima. Nikalificha huko makusudi. Mzazi hutafuta Yohana au Mariamu, nani atafika ukurasa wa themanini na nne?"

Hiki kilikuwa kikao cha tatu. Feni ilizunguka bila kupoza chochote, na magoti ya mwalimu yalikuwa yakimuuma tangu ngazini. Kamati ingebaki na kijitabu kimoja tu cha maana za majina. Kingine kingeondolewa katika maduka yote ya makanisa. Kukiandika chake kulimla mwalimu miaka kumi na mmoja ya Kiebrania na macho. Ndicho kilichowaeleza wazazi kwamba Ikabodi ni utukufu ulioondoka, kwamba Yabesi alipewa jina kwa uchungu wa mama yake, kwamba Farao si jina bali cheo. Hakutaka kuondolewa dukani kabla ya kuondoka duniani.

Mwinjilisti alijifuta jasho shingoni.

"Sikunakili, mzee wangu. Kitabu chako sijapata hata kukishika. Majina yangu niliyakusanya kwenye rejista za ubatizo. Kuna mchungaji mmoja wa zamani, sasa ni marehemu, alikuwa akiandika jina la mtoto na pembeni anaweka maana yake, kama mzazi alivyomwambia."

"Usharika gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Nilipita sharika zaidi ya arobaini. Nilikuwa naandika majina, siandiki nimeyatoa wapi."

"Hiyo ni kazi gani?" alisema mwalimu kwa sauti ya uchovu.

"Kazi ya mtu asiyejua kama atashtakiwa, mzee."

Mjumbe mmoja alikunja makaratasi yake. "Kwa hiyo huyo mtoto tukamtafute wapi? Mbinguni?"

Wenzake walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaotaka kwenda nyumbani.

Mwandishi wa kikao aliinua kalamu. Alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu, aliyeazimwa asubuhi hiyo kutoka ofisi ya chini kwa sababu katibu wa kawaida alikuwa mgonjwa.

"Samahani, mwenyekiti, hapo kwenye jina..."

"Dada, mwandishi hachangii kikaoni. Wewe andika tu. Ukikwama utauliza baadaye."

Akainama, akaandika.

Kura hazikuchukua muda. Mikono yote iliinuka, na kijitabu cha mwinjilisti kikahesabiwa kuwa cha wizi. Yeye mwenyewe alikusanya nakala zake, moja ikamponyoka, akaiokota taratibu.

"Mungu anajua, mzee," alisema mlangoni.

"Na Kiebrania pia anakijua," mwalimu alimjibu.

Wajumbe walitawanyika. Mwalimu alibaki peke yake mezani, akisubiri muhtasari uchapwe ili autie sahihi. Alitarajia kufurahi. Alichokitaka kwa wakati ule kilikuwa kitanda.

Dada alirudi na karatasi tatu zenye joto la mashine. Hakuziweka mezani mara moja.

"Mwalimu, kuna sentensi moja sijaimaliza. Niandike kwamba jina hilo halina maana, au kwamba halipo?"

Hilo lilikuwa swali la mtu makini, na mwalimu aliwapenda watu makini.

"Andika halipo. Kama halipo, maana itatoka wapi?"

"Na yale ya kumpendeza Mungu?"

"Niliyatunga jikoni nikisubiri chai ichemke. Hakuna aliyewahi kuitwa hivyo."

"Sawa, mwalimu."

Aliongeza maneno mawili kwa kalamu, akampa. Mwalimu alisoma kila mstari, kama alivyosoma kila kitu maishani mwake, akatia sahihi penye neno *mlalamikaji*. Mwenyekiti alikuwa ameshatia yake. Mstari wa tatu, wa mwandishi, ulikuwa na sahihi ndogo ambayo wino wake haujakauka, na chini yake, kwa herufi kubwa za mashine kama taratibu za ofisi zinavyotaka, jina lake la ubatizo.

TIRZAMELI.