Mpelelezi Aliyegoma Kuanguka

Kazi yangu kwenye filamu ile fupi ya kuchekesha ilikuwa kuanguka tu. Mimi mpelelezi, koti hadi visiginoni, kipande cha chaki mdomoni ndiyo sigara. Nakaa kitini, namuuliza maiti wa kuigiza, "Nani kakuua, mrembo?" Kiti kinavunjika, watu wanacheka.

Tuliazima wodi ya hospitali ile ile alikofia mke wangu, akingoja oksijeni iliyofungiwa stoo. Daktari mkuu mwenyewe alikuja kutazama, akakaa nyuma ya kamera akitafuna karanga.

Nikauliza swali langu. Kiti kikalia, kikaanza kwenda upande. Nikakaza miguu, nikasimama.

"Anguka, mzee!" mwongozaji akafoka. "Unatuharibia!"

"Sianguki."

Nikamgeukia daktari mkuu. Mpiga kamera, kwa mazoea ya kufuata macho ya mpelelezi, akageuka nami.

"Wewe bosi. Siku aliyokufa mke wangu, ufunguo wa stoo alikuwa nao nani?"

Akacheka, akidhani ni mchezo. Kisha akaiona taa nyekundu ya kamera inawaka usoni pake. Karanga zikamganda mkononi.

"Zimeni hiyo!"

"Usizime," nikamwambia mpiga kamera. "Bosi hajajibu."