Filamu Aliyoisifu Mashaka

"Filamu hii hamjaisikia popote, jamani, ndiyo maana tamu!" aliapa Mashaka, mtafsiri wa kibanda cha video. Lugha ya filamu hakujua hata neno. Alijitungia tu, na watu wakavunjika mbavu.

Mara, kwenye skrini, mpishi akaingia na sinia mezani kwa tajiri. Alikuwa Mwanahawa, mke wa Mashaka aliyekwenda ng'ambo kutafuta kazi, ambaye Mashaka alimngoja mpaka leo bila kuoa mwingine.

"Tafsiri, bwana! Umekabwa?" watazamaji wakampigia kelele.

Kwenye filamu, tajiri yule akamwuliza mpishi jambo. Mwanahawa akajibu kwa Kiswahili safi: "Mume wangu? Alishakufa, tukamzika."

Hakuna aliyecheka. Shingo zote zikamgeukia Mashaka. Mzee Shomvi, mmoja wa watazamaji, akainuka, akavua kofia, akampa Mashaka mkono wa pole. Nyuma yake watu wakaanza kupanga foleni.