Jumanne za Tumpe

Mhadhiri wa uuguzi alipotamka neno figo, masikio ya Tumpe yaliziba. Midomo ilicheza, wenzake wakaandika, yeye akabaki kukodoa macho. Ndiyo sheria: ukikosa somo sekondari, chuoni husikii chochote kinachojengwa juu yake, na kidude cha kuziba sauti ambacho kila mwanafunzi huvishwa sikioni hakijui huruma. Tumpe alikosa Jumanne zote za kidato cha tatu, siku za biolojia, akimpeleka mama yake hospitali kusafishwa damu.

"Nieleze wewe basi," alimnong'oneza Subilaga, jirani yake wa dawati.

Subilaga alieleza mpaka jasho likamtoka. Tumpe hakusikia kitu.

Jioni alimkuta mama mkekani, miguu imevimba kuliko jana, parachichi na kisu mikononi, anatabasamu.

"Haya nesi wangu, leo si mmesoma ugonjwa wangu? Wamesemaje?"

Tumpe alipiga magoti, akaanza kuikanda ile miguu.

"Wamesema utapona, mama."

"Ee, Mungu mkubwa. Na parachichi je, wamesema nile?"

Kisu kilikuwa kimeshazama kwenye ganda. Tumpe alikitazama, asijue amnyang'anye au amsaidie kukata.