Mzee Hataki Kushuka

Gari la baba lilikuwa limeshapandishwa juu ya lori na kufungwa minyororo, dereva wa lori aliponiita.

"Dada, mzee hataki kushuka."

Nikamkuta baba ndani ya gari lake kule juu, ameshika usukani, mkanda kifuani. Macho yake hayakumruhusu tena kuendesha safari ndefu ya kuhamia kwangu, na mwenyewe alikubali gari lisafirishwe.

"Baba, sisi tutalifuata kwa basi."

"Halijawahi kwenda popote peke yake, mwanangu." Kidole gumba chake kilipapasa pale ngozi ya usukani ilipochubuka.

Mama alikuwa chini na mikoba yake. Nilijua atamgombeza. Badala yake alivua viatu, akakwea taratibu, akaketi kando yake.

"Umeniendesha miaka yote, mume wangu," alisema akivuta mkanda. "Leo tuendeshwe sote. Dereva, washa!"